Koyoti wa Kwa Nygaard

Jumatatu, 8 Januari 1979

Baridi kali tangu juzi. Ukitema mate yanaganda kabla hayajafika chini. Nimefurahi sana! Baridi ya namna hii ndiyo inayojaza manyoya, na mnunuzi wa ngozi anakuja mjini Jumamosi.

Koyoti ndiye mbweha wetu wa huku Dakota ya Kaskazini, ila ana miguu mirefu zaidi, na akili kuishinda kamati nzima ya kanisa. Kila Januari mnunuzi huchagua ngozi moja iliyo bora, na mkahawa wa mjini huitundika ukutani mpaka kiangazi, jina la mwindaji chini yake. Mwaka jana: Verlyn Tveit. Mwaka juzi: Verlyn Tveit. Nimekunywa kahawa chini ya jina la jirani yangu muda wote huo, na sasa naona kahawa yenyewe imeanza kunuka Verlyn.

Mwaka huu hapana. Nimeugundua udhaifu wake. Verlyn anatumia bunduki ya kuulia swala wakubwa. Risasi inaingia kama msumari, inatoka kama sahani. Kisha anakaa jioni nzima akishona matundu kwa uzi wa kijani, kama bibi na soksi za wajukuu. Mimi nitatumia bunduki yangu ndogo ya kuulia panya wa ghalani. Mtutu wake hata penseli haiingii. Tundu moja, dogo, ngozi nzima!

Arlys, mke wangu, aliuliza kama risasi ya panya itamwangusha koyoti. Nikamwambia shabaha ni ya sikioni, kwa karibu. Akauliza huyo koyoti atakubali vipi nimkaribie. Maswali ya mtu aliyekulia mjini.

Nikamwonyesha filimbi niliyoagiza kwa posta. Inalia kama sungura anayekufa. Koyoti anasikia chakula, anakuja mwenyewe. Nikaipuliza palepale jikoni. Baridi imeipasua kidogo, kwa hiyo kila mlio unamalizikia kwa kwikwi. Arlys aliweka sufuria chini. Alisema hicho si kilio cha sungura, ni cha mtoto. Akaniomba nisiipulize tena karibu na nyumba.

Hana sikio la muziki. Huimba kwaya kwa ajili ya keki.

Jumanne, 9 Januari

Kwa Nygaard! Kwa nini hakuna aliyepafikiria? Shamba tupu tangu kabla sijaoa. Nyumba imelala ubavu, nyuma yake korongo refu, na nyayo za koyoti kila mahali. Hakuna hata mtu mmoja anayewinda pale. Hazina imeachwa wazi na watu wazima na akili zao.

Nilikaa kwenye kiti changu cha kukunja kando ya mashine ya kupuria ngano iliyoliwa na kutu, uso wangu ukielekea korongoni. Jua lilikuwa linawaka bila joto. Nikapuliza. Kimya. Nikapuliza tena.

Ng'ambo ya korongo filimbi ikajibu.

Mlio uleule. Na mwishoni, kwikwi ileile.

Nikajua mara moja ni Verlyn. Amenifuata, amenunua filimbi kama yangu, amekuja kunidhihaki. Nikasimama nikamweleza kwa sauti ya juu mambo kadhaa kumhusu yeye, trekta lake, na ukoo wa Tveit tangu walipotoka Norwe. Nilitegemea mwangwi. Haukuja. Sauti yangu iliingia korongoni kama jiwe kwenye pamba.

Nikavuka kwenda kumshika. Hakuna nyayo za mtu. Hakuna alama za gari. Theluji safi kama shuka la hotelini.

Niliporudi kuchukua kiti changu cha kukunja, nikaona nyayo za koyoti mmoja. Zimetoka nyuma ya nyumba, zimenyooka, bila haraka, mpaka mgongoni pa kiti changu. Hapo alikaa. Theluji imeyeyuka umbo la makalio na mkia. Lazima alikaa kitako muda mrefu, maana chini palikuwa pameanza kuwa barafu. Ningenyoosha mkono nyuma ningemshika sikio.

Basi Verlyn ana mbwa aliyemfunza. Hakuna maelezo mengine.

Jumatano, 10 Januari

Nimekwenda kwa Verlyn kumuumbua. Nimemkuta kajilaza jikoni kwake, mguu juu ya stuli, umefungwa bandeji kama mtoto mchanga. Anasema ng'ombe alimkanyaga Jumapili na hajatoka nje tangu siku hiyo. Mguu wa kusingizia! Niliutazama kwa ujanja. Umevimba kweli. Mtu anaweza kuvimba kwa makusudi akiwa na roho mbaya ya kutosha.

Mbwa hana. Alikufa wakati wa mavuno. Nilisahau, na nilihudhuria mazishi.

Verlyn anaishi peke yake, ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama anang'oa jino. Nilipomwambia nilikuwa kwa Nygaard aliacha kukoroga kahawa. Aliuliza kama nilipuliza filimbi. Nikasema ndiyo. Aliuliza kama kuna kilichojibu. Nikasema yeye ndiye aliyejibu, aache mchezo.

Akaweka kijiko mezani. Kisha akasema, "Delmar, pale mimi siwindi. Pale wanaitika."

Nikauliza nani wanaitika. Akasema nimalize kahawa yangu, nirudi nyumbani, nikamsaidie Arlys kazi.

Njia nzima nimecheka peke yangu garini. Bingwa wa ngozi ananitisha kwa hadithi za watoto ili shamba la Nygaard libaki lake! Mtu hahifadhi kwa vitisho mahali pasipo na faida. Kesho mapema.

Alhamisi, 11 Januari

NIMEMPATA!

Niandike kwa utaratibu. Nilichukua kitambaa cha meza cheupe cha mama mkwe, cha Krismasi, nikajifunika nisionekane kwenye theluji. Kina kulungu wekundu pembeni, lakini nadhani hilo lilisaidia. Nikaweka kuku mfu mbele yangu. Filimbi mdomoni. Bunduki ndogo gotini.

Sikupata nafasi ya kupuliza. Alikuwa ameshafika. Amekaa ukingoni mwa korongo, adhuhuri kweupe, ananitazama. Mkubwa. Manyoya ya fedha yenye ncha nyeusi, shingoni mazito kama kola ya askofu. Kuku hakumwangalia kabisa.

Nikapepesa macho kwa ajili ya mwanga. Amekaribia. Bado ameketi vilevile. Nikapepesa tena. Amekaribia zaidi, ameketi. Sikumwona akitembea hata mara moja. Alipofika mbali kidogo kuliko urefu wa pikapu, nilimsikia akipumua, na nikagundua anapumua pamoja na mimi. Nikivuta, anavuta.

Nikabana pumzi. Naye akabana. Nikafyatua.

Akaanguka kama koti lililodondoka kutoka kwenye msumari. Mlio wa risasi ulikuwa mdogo, kama kijiti kuvunjika. Nikamgeuza. Damu hakuna. Tundu nililitafuta nikalikosa. Ndiyo uzuri wa bunduki ndogo! Nikamtupa begani, kichwa chake kikawa kinagonga shingo yangu nikitembea. Alikuwa wa moto sana. Kwa kweli niliona raha, masikio yalikuwa yameshaganda.

Nyumbani mbwa wetu Tilla aliingia chini ya ngazi za kibaraza, na hata nilipomwita kwa nyama hakutoka. Arlys alisimama mlangoni mwa banda, nikimfunga koyoti miguu ya nyuma na kumning'iniza kwenye boriti. Alisema ana macho wazi. Nikasema maiti nyingi huwa hivyo. Akasema macho yake yanamfuata. Nikasema ni kwa sababu anabembea.

Vidole vyangu havisikii kitu. Nitamchuna kesho. Nimemwahidi Arlys kitambaa cha meza kitafuliwa.

Ijumaa, 12 Januari

Nimeibiwa!

Asubuhi nimefungua banda, boriti tupu. Kamba imelala sakafuni imeviringwa vizuri, duara ndani ya duara, kama mtu anavyoviringa kamba yake atakayoihitaji tena. Fundo limefunguliwa. Halikutafunwa, halikukatwa. Mlango ulikuwa na komeo kwa nje, nilivyouacha. Kuna nyayo sakafuni kwenye vumbi, za koyoti, zinazunguka benchi langu la kazi, na zinaishia kwenye ndoano ninapotundika koti la shambani. Koti lilikuwa chini. Limelaliwa.

Arlys anasema hakufa, alizimia tu, risasi ya panya ilimgonga kichwa ikampotezea fahamu. Nikamuuliza basi koyoti anafunguaje fundo la mwindaji mzoefu. Alitazama kamba kisha akatazama mikono yangu, kisha akaingia nyumbani akatia ufunguo mlangoni. Hatujafunga mlango huo tangu tuhamie.

Hesabu ni rahisi. Nani ananufaika? Verlyn.

Saa ya chakula cha mchana, Verlyn akiwa anakula (nilimwona dirishani, supu), nikaingia bandani kwake kwa nyuma. Ngozi zake zimetandazwa kwenye mbao, safi sana, inaudhi. Na pale katikati, kubwa kuliko zote: ya fedha, ncha nyeusi, kola ya askofu. Yangu!

Ilikuwa imeshakauka. Ngozi huchukua siku nyingi kukauka. Nikashangaa jinsi Verlyn anavyofanya kazi haraka, tena na mguu mmoja. Nikaichomoa, nikaifungia ndani ya koti, nikaondoka nikipiga mluzi.

Nilikuwa nimeshafika kwenye uzio wetu nilipogundua kuna mwingine anayepiga mluzi uleule, nyuma kidogo. Niliponyamaza alimalizia ubeti.

Sikugeuka. Nilikuwa na haraka.

Jumamosi, 13 Januari

Sitaki kuandika. Nitaandika kwa ufupi.

Mnunuzi alipaki mbele ya ghala la nafaka. Wilaya nzima ilikuwepo. Nikapita mbele, nikafunua ngozi, nikatangaza: bunduki ndogo, tundu moja, kazi ya mikono yangu. Watu wakavuta pumzi. Mnunuzi akaisifu. Kisha akaigeuza upande wa ndani.

Uzi wa kijani. Mshono mrefu kama reli, kutoka begani hadi kiunoni.

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Mnunuzi akaniuliza kwa adabu bunduki yangu ndogo ilikuwa ndogo kiasi gani. Verlyn alikuwa amesimama pembeni na gongo lake. Nilisubiri matusi. Nilikuwa tayari kwa matusi, nilikuwa na majibu. Alichosema ni hiki tu, taratibu, "Jirani, kama unaona baridi si ungeniomba."

Wameitundika mkahawani. Jina la Verlyn.

Arlys hakunisema. Aliniwekea chakula, wali wa maziwa wenye mdalasini, ninaoupenda, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kusemwa. Sikuweza kumtazama usoni. Nina umri wa kuwa babu wa mtu, na nimeiba kwa jirani mwenye mguu mbovu akiwa anakunywa supu.

Njia ni moja. Kumleta koyoti wangu wa kweli, nimtupe juu ya meza ya mkahawa, wote waone sikudanganya.

Jumapili, 14 Januari

Mwandiko mbaya leo.

Nilitoroka baada ya ibada. Arlys alibaki kuosha vikombe vya kanisa. Kwa Nygaard kulikuwa na ukungu wa barafu, ule mweupe unaotoka ardhini, huoni buti zako mwenyewe. Kila jani la nyasi lilikuwa limeota ndevu nyeupe. Nikakaa, nikapuliza filimbi.

Ikajibu kutoka korongoni. Ikajibu kutoka kwenye nyumba. Ikajibu nyuma yangu. Zote kwa kwikwi. Nikatoa filimbi mdomoni, na zikaendelea kulia bila mimi.

Kisha zikanyamaza zote kwa pamoja, na Arlys akaniita.

Sauti yake kabisa. Ile anayoniitia chakula, anayovuta mwisho wa jina. Delmaaar. Nikadhani amepata lifti, amekuja kunitafuta. Nikaitika. Akaita tena, mbele kidogo. Nikamfuata. Nilimwambia asimame, ataanguka, hajui pale. Hakusimama. Alikuwa anazidi kuwa mbele kidogo, siku zote mbele kidogo, na kila akiita nilijisikia mjinga na nikajisikia vizuri, kwamba kumbe bado ananitafuta hata baada ya jana. Nilianza kumwomba msamaha nikitembea. Nilimwambia yote, kuhusu banda la Verlyn, kuhusu kitambaa cha meza, kwamba kimetoboka.

Akacheka. Mwisho wa kicheko, kwikwi.

Hapo miguu ilisimama yenyewe. Na hapo nikasikia honi ya gari, mbali, upande mwingine kabisa. Ndefu, inakata, inarudia. Kisha mtu anakuja akichechemea kwenye ukungu, akiita jina langu kwa sauti mbaya ya kukoroma ambayo hakuna mnyama angejisumbua kuiiga.

Verlyn. Alinifikia karibu, akasimama ghafla. Akasema, "Delmar. Usisogeze mguu. Nipe mkono, rudi ulivyokuja."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya mbao. Mfuniko wa kisima cha Nygaard, umeoza, umefunikwa theluji. Mguu wa kulia ulikuwa umeshaanza kuzama. Kipande kikavunjika kikaanguka ndani, na sikusikia kikifika.

Alinivuta. Tulianguka wote wawili, yeye juu ya mguu wake mbovu, na hakulia. Ng'ambo ya kisima, ukungu ulipopungua kidogo, alikuwa ameketi. Wa fedha, kola ya askofu. Ubavuni mwa sikio alama ndogo nyeusi, kama tundu la penseli. Alitutazama kama mtu anayetazama basi likiondoka, ambaye anajua lipo jingine. Kisha ukungu ukamfunika.

Ndani ya pikapu Verlyn alisema Arlys ndiye aliyempigia simu, kutoka kanisani, mikono yake ikiwa bado na sabuni. Hakuwa ametoka mjini. Karibu na barabara kuu Verlyn akaniambia bila kunitazama kwamba yeye aliitwa na kaka yake Roald. Ilikuwa zamani, katika tufani ya theluji, Verlyn bado akiwinda pale. Roald alikuwa ameshakufa vitani Korea.

"Na uliitika?" nikamuuliza.

"Alikuwa kaka yangu," akasema. Alifika mpaka mbaoni, akaokolewa na mshipi wake ulionasa kwenye mpini wa pampu ya kisima. Akasema linalomsumbua si kisima. Linalomsumbua ni kwamba siku nyingine, theluji ikianguka, hutamani kwenda kumsikia tena.

Macho yangu yalitoa maji. Upepo. Arlys alitupokea mlangoni, akamshukuru Verlyn, kisha akanikumbatia kwa nguvu. Filimbi ameitupa jikoni motoni. Ilipokuwa inaungua ililia, na tuliisikiliza mpaka ikaisha.

Nimemwapia Arlys, mkono juu ya Biblia ya bibi yake: sitakwenda tena kwa Nygaard maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 15 Januari

Nimeamka mtu mpya. Mnyenyekevu. Nimekula uji bila kulalamika.

Verlyn amepita na chungu cha supu ya mbaazi, akasema habari ya ngozi imekwisha, tusiizungumze tena. Tukapeana mikono. Mtu mwema sana.

Mwema kupita kiasi. Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Bingwa aliyeibiwa ngozi, anakuja na supu? Mnunuzi anarudi mwisho wa Februari. Nani ananufaika nikikaa nyumbani mnyenyekevu mpaka mwisho wa Februari?

Halafu wazo likaja, na ni zuri kuliko yote niliyowahi kupata. Wale koyoti wanapenda sauti za watu. Wanazikusanya! Basi filimbi ilikuwa kosa tangu mwanzo. Arlys ana kinasa sauti cha mazoezi ya kwaya. Nikimnasa akiniita jina, halafu nikaicheza mahali pengine kabisa, tuseme kwenye malisho ya Verlyn, watakuja kundi zima wenyewe, wamekaa mstari mmoja, karibu, masikio wazi. Bunduki ndogo haitafanya hata kelele. Nimemweleza Arlys. Amesema akinasa chochote kitakuwa ni wosia wangu.

Jua linazama. Arlys ananiita kutoka bandani. Anavuta mwisho wa jina, chakula tayari. Nimemjibu kwamba nakuja, namalizia sentensi.

Nimeinua macho. Arlys yuko hapa mezani mbele yangu, anamenya viazi. Kisu kimesimama. Uso umekuwa mweupe kama kiazi chenyewe. Amesikia na yeye. Ananong'ona nisiitike tena, nisisogee, kwamba bandani hakuna mtu.

Huyo wa nje ananiita tena. Amefika kwenye ngazi za kibaraza.

Sasa, nimefikiri haraka. Nimeapa kutokwenda kwa Nygaard. Kuhusu kibaraza changu mwenyewe sikuapa kitu. Wamekuja mpaka mlangoni, sijachoma petroli, sijalala kwenye theluji, na Verlyn hajui lolote! Bunduki ndogo iko pale nyuma ya mlango, imejaa.

Arlys amenishika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, hataki kuniachia. Bahati nzuri mimi nafyatulia wa kulia.